Kiti Changu Uani kwa Kocha

Nilikuwa nimesimama. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana muda mrefu, mbele ya ndugu, na hasa mbele ya binti yangu Ngalula, ambaye ameyasikia maneno ya mtaani na kila akirudi nyumbani hunichokoza mezani: "Maman, siku ile ya mlima ulikaa kweli?" Nami humjibu kwamba nilikaa, tena nilikaa vizuri, miguu nimeinyoosha. Majirani walioniona wima niliwaambia kwamba nilimpisha mzee kiti, kwa adabu tu. Uongo mtupu. Nilisimama kabla mzee huyo hajahitaji kiti, na sikusimama kwa ajili yake. Mzee mwenyewe nilimchukia. Hilo nalo nililikana zamani. Nilikuwa nikisema "hatuna maneno," kama tunavyosema hapa Kolwezi tunapokuwa na maneno mengi. Siku hizi silikani tena. Nilimchukia Kocha, na kuhama kwake mtaani hakujanipunguzia kitu.

Wote walimwita Kocha, hata mke wake, hata padri. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Upande wa barabara alikuwa na karakana ya baiskeli. Upande wa nyuma alikuwa na jenereta, na mdomo wa jenereta hiyo aliuelekeza kwangu. Moshi ulipita juu ya ukuta, mafuta machafu yakapita chini yake, mpaka kwenye matuta yangu ya mboga, lengalenga. Nilipokwenda kulalamika hakuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu alilokuwa analinyoosha.

"Mama, mafuta inafukuza badudu."

"Inafukuza na watu, Tata."

"Kama batu banakimbia, ni muzuri. Kukimbia ni afia."

Msimu mzima nilikula mboga yenye harufu ya mazuti ya jenereta. Ningeweza kununua nyingine sokoni, lakini hapo angekuwa ameshinda. Nimesoma chuo kikuu, nikafundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, ninaandika insha ambazo watu wachache wenye subira huzisoma. Na huo ndio uliokuwa uamuzi wangu wenye akili zaidi mwaka ule.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye shingo ndefu na kofia ya mbio ambayo ukingo wake aliukunja juu ili aone mbali. Filimbi ilining'inia shingoni. Aliitumia kwa kila jambo: kumwita mke wake, kukataa bei ya mteja, kuamsha mtaa Jumapili ambapo yeye mwenyewe hakwenda kanisani. Niliwahi kumwona akiipiga msibani. Tulikuwa tunapandisha jeneza la mzee mmoja kuelekea makaburini, njia ina mwinuko, wabebaji wamechoka, jeneza linayumba. Filimbi ikalia. Kocha akatoka kwenye mstari wa waombolezaji, akatembea kinyumenyume mbele ya jeneza.

"Musibebe na mukono, bebeni na tumbo! Weye wa mbele, umeshakula upepo ya kutosha, rudi nyuma! Wa nyuma, kuya mbele! Zungukeni!"

Mjane aliacha kulia kwa mshangao. Na wale vijana wakazunguka kweli, wa mbele wakirudi nyuma, wa nyuma wakija mbele, kama waendesha baiskeli wanaopokezana upepo. Sehemu inayoniudhi ni kwamba jeneza lilipanda vizuri sana.

Kwa Kocha wanadamu waligawanyika kulingana na ubaya wao juu ya baiskeli. Kulikuwa na "mlango", mtu mpana anayekamata upepo wote. Kulikuwa na "gunia", ambaye asiposukumwa haendi. Kulikuwa na "birika", anayechemka mapema na kupiga kelele. Padri wetu alikuwa birika. Mimi nilikuwa Breki. Mama Breki. Jina hilo lilivuka ukuta, likavuka barabara, likaingia shuleni kwangu kabla yangu, na asubuhi moja nililikuta limeandikwa ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko mzuri, juu ya ramani yangu ya maziwa makuu.

Babu yangu aliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na jambo hilo Kocha hakuacha kunikumbusha. "Ninyi baKasai," alikuwa akisema juu ya ukuta, amesimama kwenye kreti la bia hata nikaona kofia na masharubu tu, "mutoto anazaliwa, munamutafutia diplôme mbele ya kumutafutia jina." Hakukosea sana. Ngalula alikuwa bado hajatembea nilipoamua kwamba atakuwa daktari. Lakini mtu akikutukana bila kukosea, unamchukia mara mbili.

Kila Julai, mashindano makubwa ya Ulaya yalipofika milimani, Kocha aliweka televisheni juu ya meza ya kazi, nje, akawasha jenereta, na mtaa ukajaa uani kwake. Walikuja wabeba makala wa barabara ya Mutshatsha, wale wanaofunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli mpaka baiskeli haionekani. Walikuja wachimbaji vijana na udongo wa shimo bado uko kwenye suruali. Walikuja wake zao na watoto mgongoni. Julai kwetu ni baridi na vumbi, watu wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Sheria ilikuwa moja: mlima ukianza, hakuna kukaa. Asiyeweza kusimama aende kwake.

Hilo ningeweza kulivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni mwisho wake. Mshindi akivuka mstari, watu wa kawaida hupiga makofi na kwenda kukojoa. Kwa Kocha filimbi ililia.

"Bado! Nyuma iko batu!"

Nao walibaki wima. Kamera zilikuwa zimeshaondoka mlimani, televisheni inaonyesha sabuni na magari, na uwanja mzima wa watu wazima umesimama kimya mbele ya tangazo la sabuni kama wanafunzi mbele ya bendera, kwa sababu mahali fulani kwenye mlima ule, mtu wa mwisho ambaye hawatamwona kamwe alikuwa bado anapanda. Kocha alikodoa macho kwenye sabuni. Kisha, kwa hesabu aliyoijua peke yake, alisema: "Ameingia. Ikaleni." Hakuna aliyewahi kumuuliza amejuaje.

Nilisema hadharani kwamba ule ni wendawazimu wa watu wasio na kazi. Nilisema pia kwamba baiskeli hainihusu. Ukweli ni kwamba kila Julai nilihamishia kigoda changu kwenye dirisha la jikoni, nikamenya maharage ambayo hayakuhitaji kumenywa, nikasikiliza. Mpaka leo naweza kukueleza kwa nini mtu hashambulii akiwa mbele, na kwa nini anayekunywa maji kwenye mteremko ameshachelewa. Nilivijua vyote hivyo kwa kupitia ukutani, kutoka kwa mtu niliyemwombea apoteze sauti.

Sasa niseme kuhusu mlima, maana hapo ndipo ujinga wake na wangu vilipokutana.

Kolwezi haina mlima. Ina mashimo, na ina kile kilichotoka kwenye mashimo. Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na remblai, kilima cha mawe na udongo uliotupwa na malori ya mgodi kwa miaka na miaka, kirefu kuliko kanisa. Barabara ya malori inapanda kwa ngazi: mwinuko mkali, kona, kisha sehemu tambarare ambapo dereva anaweza kupumzisha injini, tena mwinuko, kona, tambarare, mpaka juu. Huko ndiko Kocha alikofundisha vijana wake kupanda. Na kutoka kwenye kilima hicho alitengeneza elimu yake yote.

"Kila kona iko na kitanda," aliwaambia. "Usiogope mulima. Toa yote mpaka ku kona. Usibakishe kitu. Kisha kona, kitanda. Unalala, unapumua, unaanza tena."

Nilimsikia kwa misimu kadhaa kabla sijashindwa kujizuia.

"Tata, mlima wa kweli hauna vitanda. Haukujengwa na malori."

Kofia na masharubu vikatokea juu ya ukuta. "Weye uliona mulima wapi?"

Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu milima ya mashariki, na niliiandika yote katika maktaba ya Lubumbashi, kwa kuhesabu mistari kwenye ramani. Sijawahi kuukanyaga mlima wowote. Mahali pa juu zaidi nilipowahi kufika ni ghorofa ya jengo la utawala la chuo, nikitafuta sahihi.

"Na wewe uliona wapi?" nikamuuliza.

"Mi niliona mu télé."

"Basi tuko sawa."

"Apana, mama. Ya mi ilikuwa inatembea."

Akashuka kwenye kreti.

Watu waliompenda Kocha, nao walikuwa wengi, hawakutaka kuona jinsi alivyojipinga mwenyewe. Mtu aliyewakataza wengine kukaa, yeye alikuwa amekaa maisha yake yote: hata mkate wa kona ya barabara alikwenda kuununua kwa pikipiki. Sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Wengine walisema ni goti. Mimi nilisema ni uvivu, na nililisema kwa sauti. Hakumsifu mtu. Kijana akishinda mbio za Tenke na kurudi na kombe, Kocha alilipindua kuangalia kama linavuja. Na kwa miaka alitangaza kwamba wanawake hawawezi mchezo ule. "Mwanamuke iko na mapafu ya kuimba, haiko ya kupanda." Alilisema mbele ya mke wake, ambaye kila siku alibeba maji kutoka bombani kwa kupita mwinuko uleule uliowashinda wabeba jeneza.

Kisha akamwona Ngalula.

Alikuwa ametoka kusaga muhogo, gunia la unga limefungwa nyuma ya baiskeli yangu ya zamani, na upepo ulikuwa mkali kwenye mwinuko wa reli. Kocha akapita na pikipiki yake. Ngalula akajificha nyuma ya mgongo wake kukwepa upepo, akabaki hapo hapo mpaka juu, na kule juu akampita, mkono mmoja umeshika kilemba kisiruke. Jioni Kocha alikuja mlangoni kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa na kofia mkononi. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

"Mama, mutoto yako iko na mapafu ya ng'ombe."

"Asante, Tata. Anakwenda kusomea udaktari."

"Atasomea nini? Mapafu tayari anayo."

Nilifunga mlango. Haukusaidia, kwa sababu Ngalula alikuwa upande wa nje.

Kuanzia hapo binti yangu alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, magoti yamechunika, akila kama wachimbaji watatu. Chuo cha Lubumbashi kilimpokea kwenye kitivo cha udaktari. Akaomba asubiri mwaka mmoja. Siku moja, katika mbio za kupanda remblai, aliwashinda wavulana wote. Nilikuwa dirishani na maharage yangu. Nilimsikia Kocha akimwambia: "Umeshika breki mu kona. Ile ni damu ya mama yako." Vijana wakacheka. Ngalula naye akacheka. Hapo ndipo nilipoacha kujidanganya kwamba nina kinyongo kidogo tu cha jenereta.

Mwaliko ulipokuja, mtaa mzima uliusikia kabla yangu, kwa filimbi. Ngalula alikuwa amealikwa kwenye mbio za wanawake za kulipwa, katika nchi ya milima upande wa mashariki, siku kadhaa mfululizo, na siku moja kati ya hizo ilikuwa ya mlima mtupu. Timu iliyomchukua kwa majaribio ingempa mkataba akimaliza siku hiyo. Nilimwambia Kocha juu ya ukuta kwamba mtoto wangu haendi. Akaniambia kwamba mtoto wangu ni mtu mzima na mimi ni breki. Tulipigiana kelele mpaka mke wake akazima jenereta ili asikie vizuri. Mwishoni aliinamisha masharubu juu ya matofali, akatoa pendekezo.

"Nyuma ya mbio iko gari. Banaita gari la ufagio. Inafuata mutu wa mwisho. Mwenye kushindwa anapanda, inamuokota. Unasikia? Ngalula akipanda ile gari, anarudi, anaenda ku chuo, na mi sitafungua kinywa."

"Na asipopanda?"

"Akifika kwa miguu yake, ndani ya saa yenye banaweka, weye hautataja tena chuo. Hata Noeli."

"Hata Noeli," nikasema. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Nilikuwa nimehesabu mistari ya ile ramani.

Ngalula alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta, anasugua mnyororo kwa mswaki wangu wa zamani. "Na mimi hamniulizi?"

Tulitazamana, mimi na masharubu.

"Tunakuuliza," nikasema.

"Basi nimekubali. Lakini siku ya mlima, maman, utakuja kusimama kwa Kocha kama wengine?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Na kiti changu."

Siku yenyewe hakukuwa na televisheni ya kutazama. Mbio za wanawake katika nchi ile hazikurushwa popote. Kulikuwa na fundi mmoja tu wa Kolwezi, kijana aliyefundishwa na Kocha, ambaye alikuwa ndani ya gari la timu nyuma ya mbio na aliahidi kutuma ujumbe wa sauti kila mtandao ukiruhusu. Kocha akafunga simu yake kwa mpira wa baiskeli kwenye mti aliousimamisha juu ya meza ya kazi, mahali penyewe pa televisheni, na watu wakajipanga kuielekea. Wabeba makala, wachimbaji, wake zao, wote wima, wanaitazama simu.

Nilipita katikati yao na kiti changu cha plastiki, chekundu, nikakiweka mstari wa mbele, nikakaa. Filimbi ikalia.

"Mama Breki, simama. Mulima imeanza."

"Nimekuja kama mzazi, Tata. Mzazi hukaa."

"Mu uwanja yangu—"

"Piga filimbi mpaka upasuke."

Akaniacha. Nadhani alitaka nishuhudie kushindwa kwangu kutoka karibu.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa na upepo mwingi. "Kocha! Tuko chini ya mulima, tunaanza kupanda. Ngalula iko mbele na bale bakubwa! Iko nacheka!" Uwanja ukalipuka. Mbeba makala mmoja alimkumbatia mke wa mwenzake na kuomba radhi. Kocha hakutabasamu. Alinyoosha kidole juu.

"Ku kona ya antene, pale mnara ya simu iko, atatoa yote. Nilimuambia. Kisha antene, kitanda. Pale atapumua, bale wengine batashangaa."

Mtandao ukakatika. Tulisubiri. Baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini, na mimi peke yangu nilikuwa nimekaa, nikihisi macho ya watu mgongoni. Niliwaza mambo ya msingi kabisa: chumba cha bweni Lubumbashi, shuka mbili, ndoo, koti jeupe. Nilikuwa nimeshalinunua lile koti. Lilikuwa limekunjwa kabatini chini ya nguo zangu za kanisani, na hakuna aliyejua.

Ujumbe wa pili ulikuwa na sauti nyingine, ingawa ni kijana yuleyule. "Kocha... antene tulishapita. Kitanda haiko. Barabara inapanda tu, inapanda tu. Ngalula alitoa yote mu kona, kama ulimuambia. Sasa iko natapika. Bote banamupita."

Ujumbe wa tatu ukaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Ni wa mwisho, Kocha. Gari la ufagio iko nyuma yake. Dereva amefungua mulango. Anaendesha na mulango wazi, iko namuita."

Nilikuwa nimeshinda. Hesabu yangu ya ramani ilikuwa sahihi, mlima hauna vitanda, na mtoto wangu angerudi nyumbani akiwa mzima. Ningepaswa kuvuka mguu mmoja juu ya mwingine na kutabasamu. Badala yake niliuona ule mlango. Niliuona uko wazi, karibu na bega lake, unamfuata, na kiti ndani yake. Nilimwona anavyotapika bila kusimama, kama alivyokuwa mdogo na homa, anatapika huku anatembea kunitafuta. Sijui nilisimama wakati gani. Najua tu kwamba baadaye nilipeleka mkono nyuma nikagusa kiti, na kilikuwa baridi.

Kocha aligeuka. Mara ya kwanza katika maisha yetu hakuniita Mama wala Mama Breki.

"Madame," akasema polepole. "Weye ulisoma milima. Kisha ile kona, iko nini?"

Ningeweza kumwonea huruma. Watu walikuwa wanasikiliza, na alikuwa mzee.

"Kona nyingine, Tata," nikamwambia. "Na baada yake, kona nyingine."

Alibaki akinitazama. Mkono wake ulipapasa hewani kama mtu anayetafuta ukuta gizani, ukakuta mgongo wa kiti changu, na akakaa. Kocha, uani kwake, mlima ukiendelea, alikaa. Watu waligeuza nyuso kwa aibu. Nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Mama amemuachia muzee kiti. Angalia adabu," nami nikaidaka sababu hiyo papo hapo na nimeishi nayo mpaka leo. Kuhusu furaha sitasema uongo wa pili. Nilifurahi kumwona pale chini. Nilifurahi kama mtu aliyeona jenereta ya jirani ikizama mtoni.

Halafu furaha ikaisha, maana simu ilikuwa kimya na Ngalula alikuwa bado kule.

Tulisubiri. Mchimbaji mmoja aliyekuwa karibu na lango akasema kwamba bila shaka ameshapanda gari, nani asingepanda, na akaanza kukunja miguu achuchumae. Kocha hakupiga filimbi. Hakuwa na pumzi ya kupiga. Alisema tu, kutoka kwenye kiti changu, bila kuinua kichwa:

"Bado. Nyuma iko mutu."

Kijana akanyooka. Nasi sote tukabaki wima mbele ya simu iliyofungwa kwa mpira, hakuna picha, hakuna sauti, hakuna hata tangazo la sabuni. Nilikuwa nimeudharau wazimu huo kwa miaka yote kutoka dirishani kwangu. Sasa sikusogea.

Simu ikalia. Haukuwa ujumbe, ilikuwa inaita. Kocha akanyoosha mkono kutoka alipokaa, akabonyeza, sauti ikatoka kubwa.

"Maman iko?"

"Niko."

"Nimefika." Tulisikia anavuta pumzi, anakohoa, anavuta tena. "Wa mwisho kabisa. Nilikuta wanakunja mabango. Lakini ndani ya muda, maman. Wamenihesabu. Kesho naanza na wengine."

Kelele iliyotoka uani iliamsha mbwa wa mtaa mzima. Kocha akainua mkono, wakanyamaza. Mimi, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano, nikauliza: "Na gari?"

"Ah, ile gari!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Dereva alikuwa ananiita, kuya mutoto, kiti iko, kiti muzuri. Mara moja nilishika mulango, maman. Nilishika kabisa. Kisha nikakuona. Nikakuona umeikala mu kile kiti yako chekundu mbele ya batu yote, unangojea na mi niikale. Nikamuambia yule dereva: mu famille moja, mutu mmoja akikaa inatosha. Ndiyo nilipanda nayo, ile hasira. Kona yote. Vitanda havikuwako, nilikuwa tu na weye na kiti chako."

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtoto anayeogopa kuporwa kitu.

"Maman? Ulikaa, si ndiyo? Usiniambie ulisimama."

Uwanja mzima ulinitazama. Kocha alikuwa mbele yangu, ndani ya kiti changu, kichwa chake usawa wa kiuno changu. Mtu ambaye hakuwahi kuacha kosa la mtu lipite, hata mbele ya maiti. Filimbi ilikuwa tayari katikati ya midomo.

"Nilikaa," nikasema. "Bado nimekaa. Mgongo unaniuma kwa kukaa."

Kocha alinitazama kutoka kandambili zangu mpaka kilemba. Kisha akaitoa filimbi mdomoni, akaitumbukiza ndani ya shati.